Safari ya Barafu Hadi Jikoni Mwetu

Lugha yetu ilijua kuitaja barafu kabla wengi wa wasemaji wake hawajapata kuigusa. Asili ya neno hilo ni Kiajemi, ambamo barf maana yake ni theluji. Na theluji nayo tumeipokea kutoka Kiarabu. Mwezi wa Mei 1848, mmisionari Johannes Rebmann alipouona weupe juu ya kilele cha Kilimanjaro, kiongozi wake alimwambia kuwa kile ni baridi tu. Tusimcheke kiongozi yule. Yeye alitaja kile ambacho mwili hukihisi, ilhali wako mabingwa wa jiografia huko Ulaya, kama vile Cooley wa London, waliokataa kwa miaka mingi kusadiki kwamba theluji yaweza kukaa karibu na ikweta.

Hapo kale barafu wakati wa joto ilikuwa anasa ya wakubwa. Waajemi walijenga majumba ya udongo yenye kuba, yaitwayo yakhchal, wakahifadhi humo barafu ya kipupwe hata kiangazi. Katika India ya karne ya 16, Abul Fazl, mwandishi wa Mfalme Akbar, alieleza jinsi maji yalivyopozwa kwa shura, na jinsi barafu ilivyoletwa Lahore kutoka milimani.

Baadaye barafu ikawa bidhaa ya baharini. Mwaka 1833 Frederic Tudor, mfanyabiashara wa Boston, alipeleka Calcutta merikebu iitwayo Tuscany ikiwa na tani zipatazo 180 za barafu iliyokatwa katika maziwa ya Marekani. Zilizofika ni kama tani 100. Nyingine ziliyeyuka njiani, na bado ilikuwa biashara ya faida. Lakini mwaka uliofuata Jacob Perkins alipewa hataza huko London kwa mtambo wa kutengeneza baridi. Kutoka hapo, polepole, barafu ikaacha kungoja majira wala milima.

Jambo lililoirahisishia jamaa ya kawaida kazi hii ni chumvi. Barafu ikichanganywa na chumvi huyeyuka, na katika kuyeyuka huvuta joto la vitu vilivyo karibu nayo, hata baridi yaweza kushuka kufikia nyuzi 21 chini ya sifuri. Kwa kanuni hiyo Nancy Johnson wa Philadelphia alipata hataza mwaka 1843 kwa chombo cha aiskrimu chenye mpini wa kuzungusha. Naye Frank Epperson wa California alisimulia kwamba mwaka 1905, akiwa mtoto wa miaka 11, aliacha nje usiku kikombe cha kinywaji chenye kijiti cha kukorogea, akakikuta asubuhi kimeganda. Hataza yake ilitolewa mwaka 1924.

Hivi leo tunu hiyo ya wafalme hutengenezwa na mama yeyote mwenye jokofu, au jirani mwenye jokofu. Ukwaju huloweshwa na kuchujwa; unga wa ubuyu hukorogwa; embe lililoiva hupondwa. Sukari izidi kidogo, kwani baridi hupunguza utamu mdomoni. Chombo kisijazwe hadi ukingoni, maana maji yakiganda huongezeka kwa karibu sehemu 9 katika 100. Vifuko vya plastiki vilizoeleka sana, lakini Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008, Kenya mwaka 2017 na Tanzania mwaka 2019; basi vikombe vidogo vya kuoshwa na kutumiwa tena vyafaa zaidi. Asiye na jokofu aweza kutia chombo chake katika ndoo ya barafu na chumvi, sehemu tatu kwa moja, akakizungusha mpaka kigande.

Hata hivyo hatuna budi kuonya. Kuganda hakuui vijidudu vyote. Maji yenye homa ya matumbo au kipindupindu yakigandishwa huweza kubaki na maradhi yake, na mtoto ndiye atakayeyalamba. Yachemshwe kwanza, yapoe, ndipo yatiwe matunda, na mikono iwe safi. Senti chache za kuni au mkaa zisiwe sababu ya kumpeleka mtoto hospitali.

Tumalizie pale tulipoanzia. Zaidi ya asilimia 80 ya barafu iliyokuwako Kilimanjaro mwaka 1912 imekwisha kutoweka, na ile ya Ruwenzori nayo yapungua. Wanafunzi wetu wanaijua barafu kwa ulimi kuliko walivyoijua babu zao, lakini huenda wajukuu wao wasiione milimani. Kwa hiyo, ndugu walimu, mtakapofundisha maneno ya mkopo, pelekeni darasani kikombe kimoja cha barafu ya ukwaju. Waulizeni wanafunzi neno hili limetoka wapi, nacho kitu chenyewe kimetoka wapi. Kabla hakijayeyuka, somo litakuwa limewaingia.