Hans Cory na Sheria za Mila za Wasukuma: Usomi katika Utumishi wa Kikoloni

Hans Cory alizaliwa Vienna mwaka 1888 kwa jina la ukoo la Koritschoner, na kwa jina hilo alichapisha mwaka 1936 utafiti wake juu ya ngoma ya sheitani. Baadaye aliajiriwa na Serikali ya Kiingereza ya Tanganyika kuwa mwanasosholojia wake. Urithi wake una pande mbili zisizotenganishika: alihifadhi maarifa mengi ya jamii za Kanda ya Ziwa, na wakati huohuo aliyageuza maarifa hayo kuwa chombo cha utawala.

Serikali ilitawala kwa kupitia watemi, na mabaraza ya wenyeji yalihitaji kanuni ambazo Bwana Shauri angeweza kuzisoma na kuzikagua. Mwaka 1945 Cory, pamoja na Hartnoll, alichapisha sheria za mila za Wahaya. Kwa upande wa Usukuma, mwaka 1951 alitoa kitabu juu ya matambiko ya ntemi, mwaka 1953 kingine juu ya sheria na desturi, na mwaka 1954 kingine juu ya mfumo wa siasa na mapendekezo ya kuurekebisha. Kichwa cha kitabu hicho cha mwisho chatosha kuonyesha kwamba kueleza na kurekebisha vilikuwa kazi moja.

Watoa habari wake wakuu walikuwa watemi, wazee na wajumbe wa mabaraza. Hao ndio waliokuwa na mamlaka ya kusema ni ipi mila, na ndio walionufaika na jibu. Aidha, Usukuma ulikuwa na tawala nyingi, na desturi zilitofautiana. Katika tawala kadhaa utemi wenyewe ulipita kwa mtoto wa dada, na mahari isipotolewa watoto walihesabiwa kuwa wa upande wa mama. Mila ya namna hiyo ilikuwa shauri la kujadiliwa kila kesi ilipotokea. Ilipoandikwa kwa vifungu vyenye namba, majadiliano yalipungua na kifungu kikabaki.

Cory alifariki mwaka 1962, lakini vifungu havikufa naye. Katika miaka yake ya mwisho alishiriki kazi ya kuunganisha sheria za mila za makabila yanayofuata ukoo wa baba, na mwaka 1963 Serikali huru ilizitangaza kuwa sheria kwa wilaya zilizozikubali. Ni mwaka huohuo ambapo utemi ulifutwa. Mtemi akaondoka, kauli yake juu ya urithi ikabaki mahakamani. Kwa kanuni hizo, binti huwekwa daraja la tatu, nyuma ya wana wa kiume, na mjane hana fungu iwapo marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake.

Mwaka 1990, katika Mahakama Kuu ya Mwanza, Jaji Mwalusanya aliamua kwamba mwanamke wa Kihaya alikuwa na haki ya kuuza ardhi ya ukoo aliyorithi, kwa kuwa Katiba inakataza ubaguzi. Hata hivyo, mwaka 2006 Mahakama Kuu ilikataa kufuta kanuni za mwaka 1963 katika shauri la wajane wawili wa Kisukuma, ingawa ilikiri kuwa zinabagua. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayoshughulikia ubaguzi dhidi ya wanawake iliona kuwa haki za wajane hao zimekiukwa. Mjane wa mchuuzi wa dagaa pale mwaloni Kirumba, akikabiliwa na mashemeji wanaodai nyumba, bado anakutana na kanuni hizo.

Haitakuwa haki kumtwisha Cory lawama yote. Watemi walisema, yeye aliandika, na taifa huru likatia muhuri. Lakini majalada yake, yaliyohifadhiwa katika Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, yanapaswa kusomwa kama kumbukumbu za mazungumzo ya wakati fulani kati ya watu fulani, wala si kama sauti ya mila yenyewe.