Mwari na Kaa katika Linoliamu

Frederick Walton, Mwingereza aliyeivumbua linoliamu katika miaka ya 1860 kwa kuchanganya mafuta ya kitani yaliyogandishwa kwa hewa na unga wa gome la mti wa vizibo, kisha akautandaza mchanganyiko huo juu ya nguo ya magunia, ghaya yake ilikuwa kuwapatia watu kitandiko cha sakafu. Nao wachoraji wa Dresden, Ujerumani, kabla ya miaka hamsini kupita, walikuwa wamekwisha kukichonga kitandiko hicho, kukipaka wino na kukipigia chapa.

Wenye kuutukuza ubao wa kuchongea chapa waliidharau linoliamu kwa ulaini wake na urahisi wa bei yake, ilhali humo ndimo ilimo fadhila yake, maana ubao una nyuzi zinazokipinga kisu, bali linoliamu haina, na hasa ikianikwa juani ikapata joto, patasi huzunguka utakako mkono: palipochimbwa hubaki peupe, palipoachwa hupokea wino, na picha hutoka kulia kwake kukiwa kushoto.

Fadhila hiyo aliitumia vyema kuliko wengi mchoraji Walter Anderson, mzaliwa wa New Orleans mwaka 1903, ambaye katika miaka ya 1940, baada ya maradhi ya akili yaliyomlaza hospitalini, alihamia Oldfields, nyumba ya ukoo wa mkewe katika mji wa Gautier, pwani ya Mississippi. Huko alichonga mwari, kaa, vyura na misonobari, viumbe aliokuwa akiwatazama kila siku, shingo ya mwari ikipinda kwa mkato mmoja usiosita. Na kwa kuwa hakuwa na mtambo, alitandaza karatasi za kupambia kuta juu ya vibao vyake vya linoliamu, upande wa nyuma ukielekea wino, akaviringisha juu yake bomba lililojazwa mchanga.

Mwaka 1949 makumbusho ya Brooklyn, New York, yalizitundika chapa zake, naye hakuhudhuria, bali alisafiri kwenda China. Mimi nauona ukubwa wake zaidi katika kima alichokiweka, dola moja kwa kila futi ya chapa, makusudi ili asiye na mali naye apate kutundika mwari wa pwani yake katika ukuta wa chumba chake.