Mchumia Juani

Ewe msomaji, ikiwa wakaa katika shule ya bweni, litazame sanduku la bati lililo chini ya kitanda chako. Humo mna sabuni yako, madaftari yako, na pengine barua ya mama. Hapana shaka umekwisha kulilalamikia mara nyingi, kwa kuwa bawaba zake zapiga kelele usiku. Lakini je, umepata kujiuliza ni nani aliyelitengeneza? Aghalabu hutaona juu yake jina la kiwanda wala mhuri wa kampuni. Lilifuliwa kwa mkono na mtu aliyeketi nje, juani, mwenye nyundo na mkasi wa bati. Historia ya mtu huyo ni sehemu ya historia ya nchi yetu, ijapokuwa vitabu vingi hupita mbele ya mlango wake bila kubisha hodi.

Kwanza yafaa tukumbuke kuwa ufuaji haukuletwa kwetu na meli. Kabla ya kuja kwa wakoloni, wahunzi walikuwako katika sehemu nyingi za nchi. Wahunzi wa Samia, karibu na Ziwa Viktoria, walisifika kwa majembe yao, ambayo watu waliyabadilisha kwa mifugo na nafaka. Kisha ikaja reli. Ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi mwaka 1899, na mwaka 1901 ikafika ziwani. Pamoja na reli zilikuja bidhaa za viwanda vya ng'ambo, na pamoja na utawala mpya ikaja kodi. Basi mtu aliyekuwa akiishi kwa shamba na mifugo yake akalazimika kutoka nyumbani kutafuta fedha.

Wengi waliitafuta fedha hiyo kwa kuajiriwa. Wachache waliitafuta kwa njia nyingine, na mmoja wao ni Mutisya Munge wa Wamunyu, Ukambani. Katika Vita Kuu ya Kwanza alipelekwa Tanganyika, na huko akajifunza kuchonga vinyago. Aliporudi kwao alirudi na ujuzi huo. Mti ulikuwako, na mikono ilikuwako. Alichonga, akauza, na wengine wakajifunza kwake, hata kazi hiyo ikawa riziki ya maelfu ya Wakamba, na vinyago vyao vikavuka bahari. Angalia, msomaji, jinsi jambo kubwa lilivyotokana na mtaji mdogo.

Lakini mjini mambo hayakuwa mepesi. Serikali ya kikoloni ilimtaka Mwafrika akae Nairobi kama mtumishi wa mtu fulani. Sheria ya kipande ya mwaka 1915, iliyotiwa nguvu baada ya vita, ilimlazimisha mwanamume kubeba cheti kilichoonyesha alikotoka na tajiri aliyemwandika. Mtu aliyeuza mboga au kutengeneza viatu bila kuandikwa na yeyote alikuwa katika hatari ya kuhesabiwa mzururaji. Hata hivyo walikuwako waliojifunza ufundi wa bati kwa mafundi wa Kihindi, wakaanza kazi zao wenyewe. Mwezi wa Aprili mwaka 1954, wakati wa hali ya hatari, majeshi ya Serikali yaliizingira Nairobi, na maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru wakakamatwa au kuondolewa mjini. Miongoni mwao walikuwamo wachuuzi na mafundi, na kazi walizozijenga kwa miaka mingi zikavunjika kwa siku chache.

Sasa huenda ukauliza: Mtu asiye na fedha aanzaje kazi ya namna hii? Nenda Kamukunji, Nairobi, ukatazame. Kijana hufika kwa fundi mzee kama mwanagenzi. Hufagia, hubeba, hushika bati linapokatwa, na siku kwa siku mkono wake hupata akili. Fuawe si lazima inunuliwe dukani, kwa kuwa kipande cha chuma cha reli chatosha. Malighafi ni mapipa ya mafuta yaliyokwisha kazi na vyuma vikuukuu vilivyotupwa na wengine. Mteja akitaka karai au sanduku, hutoa arubuni, yaani sehemu ya malipo kabla ya kazi, na kwa fedha hiyo fundi hununua bati. Hivyo mtaji wake wa kwanza ni uaminifu. Siku atakapoila arubuni ya mtu bila kumfanyia kazi, atakuwa ameifilisi biashara yake mwenyewe.

Baada ya Uhuru, mwaka 1963, watu waliingia mijini kwa wingi, na kazi za ofisini na viwandani hazikuwatosha. Wengi wakashika nyundo, sindano ya viatu, au sufuria ya uji kando ya barabara. Jambo la kusikitisha ni kuwa mkono wa wakuu wa mji haukulegea. Vibanda vilibomolewa, bidhaa zikachukuliwa, na mchuuzi akafukuzwa kama alivyofukuzwa zamani.

Mwaka 1972 Shirika la Kazi Duniani lilitoa taarifa yake juu ya kazi nchini Kenya, iliyotayarishwa na wataalamu walioongozwa na Hans Singer na Richard Jolly. Wataalamu hao walisema kuwa watu hawa si wavivu wala si wahalifu. Wanazalisha mali, wanafundisha vijana, na hawaigharimu Serikali. Wakashauri ubomoaji ukome na taratibu za leseni zipunguzwe. Taarifa hiyo ikasomwa ulimwenguni kote. Mwaka 1985 Rais Moi alifika Kamukunji, akawaona mafundi wakifanya kazi juani, akaagiza wajengewe mabanda. Mwaka 1992 Serikali ilitoa waraka rasmi juu ya biashara ndogo, na jina la jua kali likatiwa humo, ingawa lilianza kama jina la mitaani. Mwaka 2012 Bunge likatunga sheria ya biashara ndogo.

Na mafundi hawa hawakungoja sheria ili wawafae wenzao. Katika miaka ya 1980 jiko la makaa lililobanwa kiunoni na kutiwa udongo ndani, ambalo asili yake ni jiko la Thailand, lilienea nchini kwa mikono yao. Latumia makaa machache kuliko jiko la bati tupu. Pengine chai uliyokunywa nyumbani ilichemshwa juu yake.

Nisikudanganye, lakini, kuwa maisha hayo ni ya raha. Kelele za nyundo huharibu masikio, bati hukata vidole, na fundi akiugua hapana amlipaye mshahara. Wengi hawana hati ya mahali wanapofanyia kazi, na wanaweza kuondolewa. Mimi naona hilo ndilo fundisho kubwa la historia hii. Mara nyingi mtu mdogo aliweza kujitafutia nyundo, chuma na mteja. Kitu ambacho hakuweza kujipatia peke yake ni ruhusa ya kusimama mahali na kufanya kazi kwa amani. Hicho hutolewa na wenye kutunga sheria, na baadhi yenu mtakuwa hao siku moja.

Hesabu za Serikali za miaka ya karibuni zaonyesha kuwa, ukiacha kilimo kidogo, zaidi ya watu 8 katika kila 10 wafanyao kazi Kenya wamo katika kazi za namna hii. Huenda nawe ukawa mmoja wao, cheti chako kikiwa mfukoni. Hiyo si aibu. Wazee walisema kuwa mchumia juani hulia kivulini, na kivuli hicho tumekikalia sisi sote. Jioni hii utakapolifungua sanduku lako, sikiliza bawaba zake, ukamkumbuke aliyezigongomea.