Mkilua wa Uani

Fundi alikuja Jumamosi asubuhi na panga begani. Tulikuwa tumekubaliana kujenga kitako cha tangi la maji uani, kwenye nyumba aliyotuachia Bibi hapa Ngamiani, Tanga, na mahali penyewe palikaliwa na kichaka kilichonizidi kimo kidogo. "Hiki nacho cha nini?" akaniuliza. Sikuwa na jibu. Nimekulia nyumba hii, nimeanika nguo juu ya kichaka hicho, na sikujua hata jina lake. Nikamwomba aanze kwanza kuziba ufa wa jikoni.

Nilipiga picha nikaipa programu ya simu inayotambua mimea. Ikajibu kwa kujiamini: mlangilangi. Hapana. Mlangilangi naujua, ni mti mrefu wenye maua yanayoning'inia kama vitambaa vilivyochanika. Lakini kosa lile lilikuwa na faida. Mlangilangi ni wa ukoo mmoja na mstafeli na mtopetope, na ukoo huo una dalili zake: majani yanapangwa huku na huku kwenye tawi, safu mbili, gome ukilivuta linachunika kama utepe, na petali za ua kwa kawaida ni nene, tatu nje na tatu ndani. Nikatoka nje kuhakiki. Gome lilichunika. Nikainua majani nikakuta maua machache, yasiyo ya kuvutia macho hata kidogo. Nilipolileta moja puani nikasimama pale pale. Ilikuwa harufu ya mtandio wa Bibi.

Jirani yetu, mama mtu mzima, alikuwa akichambua mchele barazani kwake. Nikamwamkia, nikampa lile ua. Hakulitazama, alilinusa tu.

"Kilua hiki, mwanangu. Marehemu bibi yako akitufungia vikuba nacho, pamoja na asumini na rihani. Nyie siku hizi mnanunua chupa."

Basi mti ni mkilua. Nilidhani kazi imekwisha. Nilitaka tu jina la kisayansi, nikitegemea kukuta kile tulichozoea. Wapo wa ukoo huo huo, kama Uvaria kirkii, waliopewa jina la John Kirk, tabibu aliyesafiri na Livingstone mtoni Zambezi, akafika Zanzibar mwaka 1866 na baadaye akawa mwakilishi mkuu wa Uingereza kwa Sultani Barghash. Wenyeji waliokuwa wakiyachuma maua hayo kabla yake hawamo kwenye jina.

Nikakuta hivi: Mkilua fragrans.

Nilisoma mara mbili. Aliyeuandika hivyo, mwaka 1970, ni Bernard Verdcourt, Mwingereza aliyekuwa bingwa wa mimea na pia wa konokono. Kabla ya kwenda bustani ya Kew, London, alifanya kazi Nairobi kwenye hifadhi ya mimea iliyokaushwa ya Afrika Mashariki. Hifadhi hiyo ilianzia jirani na hapa, Amani, kwenye milima ya Usambara, mwaka 1902 wakati wa Wajerumani, ikahamishiwa Nairobi mwaka 1950. Verdcourt aliona mmea huu haufai kuingizwa katika jenasi yoyote iliyokuwepo, akauundia jenasi yake peke yake. Kwa sheria za wakati ule maelezo ya mmea mpya yalipaswa kuandikwa kwa Kilatini. Akafuata sheria, lakini jina akalichukua kwa watu wa pwani. Fragrans ni Kilatini, maana yake wenye kunukia, jambo ambalo jirani yangu angeweza kumwambia bure.

Kinachonifurahisha zaidi ni ile m. Sisi tunasema embe na mwembe, chungwa na mchungwa. Kilua ni ua, mkilua ni mti. Kiambishi hicho cha ngeli kimepita salama hadi kwenye vitabu vya Kilatini, na mtaalamu wa Brazil au Japani anayelitamka jina hilo anatamka sarufi yetu bila kujua.

Shangazi, nilipompigia simu, hakujali Kilatini. Alitaka kujua kama bado unatoa maua, kisha akanyamaza kidogo. Bibi aliupanda mwaka alioolewa yeye, akasema, ili maua ya harusi yasiombwe kwa watu.

Fundi alikuwa amemaliza ufa. Nikamwonyesha pembe ya pili, upande wa choo, akapima kwa hatua na kunitajia urefu wa bomba litakaloongezeka. Fedha niliyokuwa nimeiweka kwa rangi ya ukuta ikaishia hapo. Ukuta haujapakwa mpaka leo, na nguo siku hizi naanika kwenye kamba.