Mti Unaozuia Ujumbe Usizunguke

Leo tutasoma historia ya jambo lililofichika ndani ya nyaya za kompyuta.

Wewe wa Lugoba unazijua njia za kwenda Dar es Salaam. Waweza kupita Chalinze. Au waweza kwenda Msata, ukashika barabara ya kilometa 64 mpaka Bagamoyo, ndipo uingie mjini. Barabara hizi zinafanya duara. Kwa msafiri duara hilo ni faida, maana mvua ikikata njia moja atapita ya pili. Tena msafiri ana akili, na njaa humuuma. Hawezi kupita Lugoba mara ya kumi asijue kwamba amepotea. Ujumbe wa kompyuta hauna akili wala njaa.

Kompyuta za shule au hospitali huunganishwa kwa nyaya na visanduku viitwavyo swichi. Swichi ikipokea tangazo la watu wote, hulinakili na kulitoa katika kila waya, isipokuwa ule lililoingilia. Basi, fikiri swichi tatu zilizofungwa duara. Ya kwanza inazipa nakala nyingine mbili, nazo zinapelekeana, na nakala zinairudia ya kwanza, nayo inazitoa tena. Ujumbe huo hauna alama yoyote ya kuhesabu safari zake. Punde si punde nyaya zinajaa, na kazi yote inasimama.

Pengine utauliza, kwa nini wasiweke njia moja tu? Kwa sababu waya hukatika. Sisi wenyewe tulionja tarehe 12 Mei 2024, nyaya mbili za baharini, EASSy na SEACOM, zilipokatika siku moja, na intaneti ikazorota nchini. (Nyaya za baharini zina kanuni zake nyingine, lakini haja ya njia ya pili ni ile ile.)

Fumbo hilo lilifumbuliwa na mwanamke wa Marekani, Radia Perlman, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya Digital Equipment Corporation. Aliandika habari zake mwaka 1985. Yeye mwenyewe amesimulia kwamba jibu alilipata usiku ule ule aliopewa kazi, na muda uliobaki akatunga shairi la kulieleza. Nadhani malenga wetu wa pwani watampenda.

Jibu lake ni hili. Kila swichi ina namba yake, na yenye namba ndogo kuliko zote ndiyo shina. Kila swichi nyingine hutafuta njia fupi ya kufika shinani. Njia iliyozidi haing'olewi. Hufungwa tu, kama mlango. Hapo duara hugeuka kuwa mti, na katika mti tawi halirudi kwenye shina kwa njia nyingine. Shina hutoa salamu kila baada ya sekunde mbili. Salamu zikikoma, swichi hujua kwamba njia imekatika, na ule mlango uliofungwa hufunguliwa. Mwaka 1990 mti huo ukawa kanuni ya kimataifa.

Lakini mti nao una mipaka. Tarehe 13 Novemba 2002, mtandao wa hospitali ya Beth Israel Deaconess, huko Boston, ulianguka. Ulikuwa umeunganishwa kipande kwa kipande mpaka matawi yakawa marefu kupita kiasi. Mzigo mkubwa wa habari ukaziba nyaya, salamu zikapotea, na milango iliyopaswa kufungwa ikafunguka. Kwa muda wa siku nne hivi madaktari na wauguzi walishika kalamu na karatasi, na watu wakawa wakikimbia na majibu ya maabara mkononi.

Kanuni ya kwanza ilichukua sekunde 30 hadi 50 kufungua njia ya akiba. Ile ya mwaka 2001 huchukua sekunde chache, au hata chini ya sekunde moja.

Sasa chukua penseli. Chora duara la Dar es Salaam, Bagamoyo, Msata, Lugoba na Chalinze, na kila mji uwe swichi. Dar es Salaam ikiwa shina, utafunga njia iliyo kati ya Msata na Lugoba. Je, Lugoba ikiwa shina, utafunga ipi?