Mzabibu Hauulizwi Kwao

Kila kona ya Umoja na Kayole kuna duka la waini na spiriti. Kwenye kibao waini inatajwa kwanza, lakini ukiingia utaipata rafu ya juu, imeshika vumbi. Soma chupa basi. Zabibu na mahali zimeandikwa pamoja, kama msee na ushago wake: Malbec ya Mendoza, Chenin Blanc ya Cape. Ungedhani zilizaliwa huko. Wapi!

Malbec ni Mfaransa. Ilifika Argentina mwaka 1853, ikapandwa Mendoza, chini ya milima ya Andes. Kwao ilisumbuliwa na unyevu, kisha baridi kali ya 1956 ikaua mizabibu mingi. Mendoza ilipata jua, hewa kavu na maji ya theluji kutoka mlimani. Leo sehemu kubwa ya Malbec duniani iko Argentina. Chenin Blanc nayo ilitoka bonde la Loire, na sasa Afrika Kusini inayo nyingi kuliko Ufaransa yenyewe.

Hapa jirani kuna Dodoma. Mwaka 1957 wamisionari Waitaliano walipanda mizabibu Bihawana. Mvua ni chache, jua halikosi, na kwa kuwa hakuna majira ya baridi mzabibu haulali. Mkulima akiupogoa, unazaa tena, kwa hivyo anavuna mara mbili kwa mwaka. Zabibu nyekundu ya huko inaitwa Makutupora, jina la mahali palepale. Mgeni kapewa jina la mtaa.

Sasa tazama Pumwani. Serikali ya kikoloni iliianzisha mapema miaka ya 1920 iwe makao ya Waafrika, lakini ikawahesabu kama wapita njia wenye kipande shingoni. Manispaa ikajipa peke yake haki ya kupika na kuuza pombe pale. Mama aliyepika pombe nyumbani kwake alikamatwa, na vinywaji vya Wazungu sheria ilimkataza.

Mzabibu ulipewa shamba, ukangojewa miaka mitatu hivi uzae. Watu wetu waliambiwa kazi ikiisha warudi kwao.

Mimi nimezaliwa Shauri Moyo, na mamangu pia. Bado naulizwa kwetu ni wapi. Nikijibu Shauri Moyo, naambiwa, "Hapana, kwenu kabisa." Siku hizi nami nawauliza: Malbec ni ya wapi?