Chupa ya Bia na Filimbi ya Ba-Benzele

Septemba 1973, katika studio za San Francisco, mpiga kinanda wa jazi Herbie Hancock alirekodi santuri iliyompatia umati wa wasikilizaji ambao hakuwahi kuwa nao. Head Hunters ina vipande vinne tu, haina mwimbaji, na kipande chake cha kwanza, "Chameleon", kinazidi dakika 15. Hata hivyo ilipanda hadi nafasi ya 13 kwenye chati kuu ya albamu ya Billboard, kimo ambacho jazi ilikifikia kwa nadra.

Wako wanaosema hapo ndipo Hancock alipoipa Afrika kisogo na kufuata soko. Wanalikumbuka kundi lake lililotangulia, ambalo wanamuziki wake walichukua majina ya Kiswahili: yeye Mwandishi, Buster Williams wa besi Mchezaji, na mpiga tarumbeta Eddie Henderson, daktari hasa wa hospitali, Mganga. Ni zama ambazo Wamarekani Weusi wengi walikitafuta Kiswahili ili kudai asili yao. Lakini muziki wenyewe ulikuwa wa angani, wa kujaribu hiki na kile. Mtu wa Mombasa au Unguja angetega sikio hadi alfajiri asiambulie taarabu wala dansi. Uliwapata wachache, na gharama zikamshinda Hancock.

Akalivunja kundi, akabaki na Bennie Maupin wa saksafoni peke yake. Waliongezwa Paul Jackson kwenye besi, Harvey Mason kwenye drams na Bill Summers kwenye ngoma za mkono. Gitaa hakuna: mikwaruzo yake ya fanki inatoka kwenye klavineti, kinanda cha umeme chenye mlio mkavu. Hata ile besi nzito inayofungua "Chameleon" ni Hancock mwenyewe, anabonyeza sinthesaiza. Kipande cha tatu kinaitwa "Sly", kwa heshima ya mwanamuziki wa fanki Sly Stone.

Kwangu mimi, uzito wote uko kwenye "Watermelon Man", wimbo wa Hancock wa 1962 ambao Mason aliusuka upya. Unaanza kwa Summers kupuliza chupa ya bia, akipokezana mlio wa chupa na sauti ya koo lake. Ufundi huo ni wa Ba-Benzele wa misitu ya Jamhuri ya Afrika ya Kati, ambao hutumia filimbi ya bua la mpapai yenye noti moja. Ulikwisha kutolewa kwenye santuri mwaka 1966, kwa rekodi za watafiti wa muziki Simha Arom na Geneviève Taurelle, na humo ndimo ulimotoka.

Basi Afrika haikuachwa. Yaliondoka majina, ikaingia sauti, tena bila hodi. Mwaka 1994 Madonna alichukua sampuli ya "Watermelon Man" kwa wimbo wake "Sanctuary", na Hancock akaorodheshwa miongoni mwa watunzi. Ba-Benzele hawamo.